Rauta Iliyoitwa Mulama

Mtoto alinyamaza saa ile ile taa ya rauta ilipogeuka kutoka nyekundu kuwa kijani.

Kwa mama mwingine lingekuwa jambo la kushukuru. Tangu azaliwe, mtoto wa Brendah alikuwa na kilio ambacho hakikutaka titi wala mgongo wala dawa ya tumbo. Kliniki walimpima wakasema ni mzima. Wapangaji wenzake katika ile ploti ya Malaba, nyuma ya foleni ya malori, walikuwa wameacha hata kuuliza. Kisha mchana mmoja kilio kilikatika katikati, kama uzi uliokatwa kwa meno, na mtoto akageuza kichwa polepole kuelekea kabati la sebuleni, mtoto ambaye shingo yake ilikuwa bado haijajua kusimama.

Brendah aliliona hilo. Alikuwa mtu wa kuona vitu vidogo na kuviogopa. Lakini fundi alikuwa bado anakunja waya zake mlangoni, na mama yake, Truphena, alikuwa anatabasamu, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu msiba. Kwa hiyo Brendah alijiambia kwamba ni taa tu. Watoto hupenda taa.

Alikuwa ameichagua rauta ile, kisanduku cha kurusha mtandao, kwa uangalifu wa mtu asiye na nafasi ya kukosea. Kampuni moja ya ng'ambo ilikuwa imempa kazi ya majaribio ya kusikiliza mahojiano yaliyorekodiwa na kuyaandika neno kwa neno, na sharti lilikuwa mtandao usiokatika. Baba ya mtoto alivuka mpaka kwenda Tororo kutafuta mzigo, na tangu hapo simu yake haikuingia tena. Omena, wale dagaa wa ziwani, aliyoiuza Truphena sokoni ililipa nyumba na unga, basi. Kazi ya majaribio ikiharibika, hakukuwa na nyingine.

"Nilitaka hii ya kuweka laini ya simu," alikuwa amemwambia Collins, yule fundi, dukani kwake karibu na reli. "Naiweka mezani, nawasha, nimemaliza."

"Madam, hiyo itakutesa," Collins alijibu. "Hapa Malaba laini huchanganyikiwa. Asubuhi uko Kenya, saa sita imeshika mlingoti wa Uganda, bando imeliwa na bado hujavuka hata daraja. Chukua faiba. Waya haina pasipoti."

Brendah hakucheka. Aliuliza kuhusu ukuta wa matofali, kuhusu wimbi fupi lenye kasi na wimbi refu linalopenya kuta, akauliza kama antena nne ni kazi au ni mapambo. Collins alijikuna shingo, akakiri kwamba kwa vyumba viwili antena mbili zinatosha. Brendah akachukua ya antena mbili. Aliporudi nyumbani alijua pia mahali pa kuiweka: juu, katikati ya nyumba, mbali na sufuria na pipa la maji, kwa sababu chuma na maji hula mawimbi.

Kila kitu alikuwa amekipanga, isipokuwa jina.

Siku Collins alipokuja kuifunga, Brendah alikuwa nyuma anamwosha mtoto aliyekuwa akilia kama kawaida. Truphena ndiye aliyebaki sebuleni na fundi. Kupitia pazia, katikati ya kilio, Brendah alisikia mama yake akiuliza, kwa ile sauti yake ya kupima samaki, hiki kisanduku kinafanya nini hasa.

"Kinaita jina lake, mama," Collins alisema. "Kazi yake ya kwanza ni hiyo. Kinaita, kinaita, ndio simu zijue kiko wapi."

"Na kama hakuna mtu anakitafuta?"

"Kinaita tu. Hakichoki."

"Hata tukilala?"

"Hata mkilala. Sasa tukipatie jina gani? Wengine huweka la duka, wengine la mtoto."

Truphena akasema jina, kilio kikalimeza, na Collins akaliandika.

Brendah alilikuta kwenye simu yake baada ya fundi kuondoka, juu ya majina mengine yote ya jirani: MULAMA.

Mulama alikuwa kaka yake. Alikufa maji ziwani, Sio Port, usiku wa kuvua omena, na wavuvi walimpata baada ya siku ambazo hakuna aliyetaka kuzihesabu. Mwili haukuingizwa ndani ya nyumba. Ulipitishwa nje, ukazikwa ukingoni mwa boma kabla jua halijawa kali, kwa kuwa ndivyo ukoo wao ulivyomfanyia aliyechukuliwa na ziwa. Na kulikuwa na katazo la pili. Kwao, mtoto akilia asiambilike, wanawake wa nyumba humpakata na kuyataja majina ya waliokufa, moja baada ya jingine, na jina litakalomnyamazisha ndilo lake, maana mwenyewe ameitwa na amekuja kukaa. Aliyekufa maji haitwi. Jina lake huachwa mpaka lisahaulike.

Mtoto wa Brendah hakuwa na baba wa kumpa jina, na Truphena alikuwa ameomba, tangu wodini, jina lile moja tu. Brendah alikataa. Alimwandikisha Wesonga, jina la babu yake, aliyekufa mzee kitandani mwake, na mama na binti wakaacha kula pamoja.

"Mama, umefanya nini?"

"Ni kisanduku," Truphena alisema. Alikuwa anafunika rauta kwa kitambaa chake cha kufuma, kile kile alichotandika chini ya picha ya Mulama. "Mtoto umeninyima. Hata kisanduku?"

"Hukosi kuijua ile miko. Wewe ndiye uliyenifundisha."

"Sikia," Truphena alisema, akainua kidole. "Si unasikia? Amenyamaza."

Kulibadilisha jina kungechukua dakika chache. Brendah alijua aingie wapi na abonyeze nini. Lakini alihitaji mtu wa kumshika mtoto wakati anafanya kazi, na mama yake, kwa mara ya kwanza machoni pa Brendah tangu wodini, alinyoosha mikono kumchukua. Brendah alikitoa tu kile kitambaa, akaeleza kwamba rauta inahitaji hewa. Akalala. Asubuhi alikuta kitambaa kimerudishwa.

Siku zilizofuata zilikuwa tulivu, na utulivu wenyewe ndio uliomkosesha amani. Mtoto hakulia. Alilala akitazama kabati; ukimgeuza upande wa ukuta, ukirudi alikuwa amegeuka. Stima ikipotea alipiga ukelele. Ikirudi, taa ya kijani ikiwaka, alinyamaza. Jirani yao Sheilah, msusi wa nywele, alimsimamisha Brendah kwenye kamba ya nguo.

"Mulama ni nani, dada? Nikishika simu namwona yeye. Nikiamka, yeye. Wateja wangu wananiuliza kama nimeolewa."

"Ni jina tu," Brendah alisema, na akashangaa kusikia sauti ya mama yake kinywani mwake.

Kisha harufu. Nyumba ya muuza omena haikosi harufu, na Brendah aliijua ile ya kila siku, kavu, ya chumvi na gunia na jua. Hii ilikuwa mbichi. Ilikuwa ya tope la ukingoni, majani yaliyooza na mbao iliyolala majini, na haikutoka kwenye magunia ya mama yake, bali kwenye kabati. Alipoinua rauta kuikagua, aliikuta ina joto la paji la uso wa mgonjwa wa malaria, na kitambaa kilichokuwa juu yake kimelowa. Alitazama dari. Dari ilikuwa kavu.

Mtoto alianza kuwa mzito. Si kunenepa: mikono ilikuwa ile ile myembamba, lakini ukimwinua ulihisi kama unainua ndoo. Na jioni moja, akimkata kucha, Brendah aliona ncha za vidole vyake zimekunjamana na kuwa nyeupe, kama za mtu aliyefua siku nzima. Alikuwa hajamwogesha tangu jana yake.

"Mama, tazama vidole."

Truphena alivitazama muda mrefu. Kisha alivifunga ndani ya kiganja chake, taratibu, kama anavyofunga pesa.

"Ni baridi," alisema.

Siku ya mvua kubwa, mchana, Brendah alikuwa mezani na vipokea sauti masikioni, akiandika mahojiano ya mwanamke mmoja aliyezungumza juu ya bei ya mbolea. Katikati ya maneno ya yule mwanamke kulikuwa na vijipengo vya kimya, na ndani ya vile vijipengo akaanza kusikia kitu kikigonga, polepole, ubao kwa ubao, kama mashua iliyofungwa inavyogonga nguzo maji yakiisukuma. Alirudisha sauti nyuma. Hakikuwapo. Aliiacha iendelee mbele, nacho kikawapo tena, karibu zaidi, na nyuma yake pumzi, pumzi ya mtu aliyejaza maji mdomoni na bado anajaribu kuvuta hewa, na sauti ya kiume ikasema, kwa upole, ndani kabisa ya sikio lake la kushoto:

"Brendah. Nivute."

Alivua vile vipokea sauti. Sauti haikukoma.

"Brendah. Nivute."

Ni hapo stima ilipopotea. Taa ya chumba ikazimika, friji ya Sheilah ng'ambo ya ukuta ikanyamaza, injini za malori zikabaki zenyewe tu barabarani chini ya mvua, naye Brendah akangoja mtoto apige ukelele kama ilivyokuwa desturi, akangoja, ukelele haukuja, na alipogeuka akaona kwamba katika nyumba iliyokosa stima, katika giza lile la mvua lililofanya saa nane kuwa kama magharibi, taa ya rauta ilikuwa inawaka kijani chini ya kitambaa, na mama yake amepiga magoti mbele ya kabati na mtoto mapajani, akinong'ona. Alikimbilia soketi akachomoa waya. Taa haikuzimika. Aliushika ule waya mkononi, ukining'inia bila kitu, na taa ikaendelea kuwaka kwa muda wote alioweza kuzuia pumzi.

Kisha ikazimika, na mtoto akatapika maji. Hayakuwa maziwa, yalikuwa maji ya rangi ya chai hafifu, mengi kuliko tumbo lile lingeweza kubeba, na katikati yake kilikuwamo kijidagaa kimoja, cha fedha, kibichi.

Brendah alimnyakua mtoto.

"Si yeye, Mama," alisema. Alikuwa ananong'ona, kama kuna mtu wa tatu aliyelala. "Ameniita Brendah. Mulama hajawahi kuniita Brendah maisha yake yote. Ni Nasambu, Nasambu, hata akinitukana ni Nasambu. Huyu hatujui. Huyu amelisoma jina langu mahali."

Truphena alibaki pale chini. Uso wake ulikuwa mtulivu kwa namna iliyomtisha Brendah kuliko ile sauti.

"Najua si yeye," alisema. "Unadhani nilizaa nisijue? Lakini ananiita mama."

Mvua ilipopungua, Brendah alikwenda na mtoto mgongoni kumtafuta Amongin.

Amongin alikuwa mwanamke Mteso kutoka Moding, auzaye viatu vya mitumba kando ya reli. Watu walimwendea kwa viatu mchana kutwa na kwa mambo mengine kwa kuvizia. Hakuwa na hirizi wala joho. Alisikiliza huku akifunga kamba za raba, kisha akamshika mtoto vidole, na akaziacha zile raba zilivyo.

"Nani aliita?" aliuliza alipoingia nyumbani kwao.

Akamtazama Truphena.

"Mama, nyinyi Wasamia mnaita majina, na sisi tunaita. Siyo vibaya. Lakini mtu huita mara moja, anafunga mdomo, anangoja. Aliyekufa akitaka anakuja, asipotaka anakataa. Nyinyi mmeweka kitu kinaita bila kufunga mdomo. Na mmeita jina la mtu wa maji." Alishusha sauti. "Mle ziwani kuna majini wasio na majina. Wanatafuta. Wakisikia jina linaitwa, na mwenyewe haitiki, wanaitikia wao. Marehemu wenu amelala. Huyo aliyeitikia hajalala hata siku moja."

"Tufanye nini?" Brendah aliuliza.

"Wewe, toa hilo jina. Weka la kitu hakijawahi kupumua. Na wewe, mama, aliyeita ndiye hufunga. Sema amekufa, mmemzika, hamumwiti."

Brendah aliiwasha rauta, akaingia kwenye mipangilio yake. Harufu ya tope ilijaa chumba hata macho yakawasha. Alifuta herufi moja moja, na kwa kila herufi kitu kiligonga chini ya sakafu, ubao kwa ubao, mpaka nafasi ikabaki tupu, naye akaandika jina la kitu cha kwanza alichokitazama: MEZA. Amongin alimshika Truphena bega.

"Sema."

Truphena alifungua mdomo, akafunga, akafungua tena. Machozi yalishuka bila uso kubadilika.

"Mulama amekufa," alisema. "Tulimzika. Hatumwiti."

Taa ikawa nyekundu. Harufu ikatoka kama mtu aliyeaga. Na mtoto akalia kilio kipya, chembamba, cha njaa. Brendah akampa titi, naye akalishika kwa nguvu, akanyonya mpaka akalala. Brendah alikaa akivitazama vidole vyake vikinyooka, akalia mwenyewe bila sauti.

Amongin hakukubali kunywa chai. Mlangoni alimwambia Brendah, taratibu, "Amesema. Sijui kama amesema kwa moyo au kwa mdomo tu. Mwangalie mama yako."

Brendah alimwangalia. Alipata ile kazi, mtandao haukukatika, mtoto aliota jino. Jino la kwanza likaleta homa, homa ikaleta kilio, lakini ukimpa Truphena ambebe nje kidogo, upande wa pili wa ploti ambako malori yalizima sauti ya kila kitu, alirudi naye ametulia. Brendah alishukuru. Alikuwa na kazi nyingi.

Asubuhi moja alitoka nje na simu mkononi kuanika nepi. Mtandao ukahama wenyewe. MEZA iliondoka kwenye kioo na jina jingine likakaa pale, bila kuuliza paswadi, kwa kuwa simu ilikuwa bado inaikumbuka: MULAMA.

Alisimama. Mwangaza wa jua ulikuwa mkali, Sheilah alikuwa anaimba ndani kwake, wanaume walikuwa wanabishana kuhusu tairi nje ya lango. Mama yake alikuwa ukutani, amempa mgongo, na mtoto amefungwa kwa leso. Truphena alikuwa na kabambe, simu ya kubonyeza na tochi, isiyojua waifai ni nini. Brendah alirudi nyuma mpaka mlangoni. Mawimbi kwenye kioo yalipungua, likabaki moja. Akasogea mbele. Mawili. Akasogea tena, huku akijiambia kuna jirani, kuna lori, kuna dereva mwenye simu, mpaka akawa karibu kiasi cha kusikia pumzi ya mtoto, naye mtoto akageuza kichwa juu ya bega la bibi yake akamtazama, na mawimbi yakajaa.

"Mama," Brendah alinong'ona. "Umekuwa ukimwita nani?"

Truphena hakugeuka.

"Tangu mwanzo," alisema. "Kabla hata hujaleta hicho kisanduku chako. Usiku wewe umelala kama gogo, anakulilia, nani alikuwa anamshika? Nilimwita mtoto kwa jina lile, akakataa. Siku kilipoanza kuita na chenyewe, akakubali. Mlifuta kwa kisanduku. Kwa mtoto nani alifuta?"

Brendah alibonyeza lile jina kwenye kioo. Simu ikamuuliza kama anataka kuusahau mtandao huu. Akakubali.

Jina likatoweka, na mtoto akalia.

Hakikuwa kilio cha jino. Kilianzia mbali na kikapanda, uso ukawa wa zambarau, macho yakageuka, na kati ya vilio viwili Brendah alisikia kifuani mwa mwanawe yale maji yakijikusanya. Alimfungua kutoka kwenye leso. Alimpiga mgongo, akamwita Wesonga, akamwita mwanangu, akamwita Wesonga tena. Maji yakatoka puani. Sheilah alikuwa ameacha kuimba.

"Mwite," Truphena alisema kwa upole. Hakukuwa na ushindi katika sauti yake, ni uchovu tu. "Anaishiwa pumzi, binti yangu. Mwite."

Brendah alimkumbatia, mzito kama ndoo iliyojaa, akaweka mdomo kwenye sikio lake dogo lenye baridi, akaliita lile jina.

Mtoto alinyamaza.